Fowili kuukuu ya petroli inabwia mafuta? Fuata mpangilio huu, hatua kwa hatua

Wanaotaka fowili, yaani gari linaloweza kusukumwa na magurudumu yote manne, ipunguze ulaji wa mafuta hukwama karibu mahali pamoja. Gari linakunywa mafuta, bonati inafunguliwa, kabureta inashushwa, inaoshwa, inarudishwa, na wiki mbili baadaye tanki linakauka upesi vilevile. Hapo tena plagi zinabadilishwa, kisha koili, kisha mtu anauziwa kifaa cha kufunga kwenye mpira wa mafuta. Pesa imekwenda na hakuna anayejua kipi kilisaidia na kipi hakikusaidia, kwa sababu hakuna aliyepima.

Mpangilio ulio hapa chini unaanza na kisichokugharimu kitu, unapita kwenye vitu vya bei ndogo, na injini yenyewe inafika mwishoni. Usiruke hatua. Na ufanye jambo moja kwa wakati mmoja, upime, ndipo uende kwenye linalofuata.

Jambo moja la kuliweka sawa mapema: gari lenye uzito wa tani mbili, umbo la sanduku na injini ya petroli ya miaka mingi halitakuwa gari dogo la mjini. Tunachotafuta ni kulirudisha kwenye hali yake ya wakati lilipokuwa zima.

Vitu vya kuandaa

- Daftari na kalamu, viwekwe ndani ya gari na visitoke.
- Kipimo cha upepo wa tairi unachokiamini. Vile vya vituoni hugongwa na kuangushwa kila siku.
- Jeki, stendi mbili imara na vipande vya mbao vya kuzuia magurudumu.
- Spana ya plagi, bisibisi, koleo, na fila geji ya kupima mwanya wa plagi.
- Maltimita ya kawaida, yaani kipimo cha umeme.
- Taa ya taimingi, ya kupima wakati ambapo cheche ya plagi inawaka. Hii unaweza kuazima.
- Geji ya vakyumu, yaani kipimo cha mvuto wa hewa wa injini. Ni kifaa rahisi mno na kinasema mengi kuliko bei yake.
- Kitabu cha matengenezo cha gari lako, au walau namba za toleo la injini yako: mwanya wa plagi, digrii za taimingi, upepo wa tairi.
- Glavu, miwani ya kukinga macho, na kizimamoto karibu.

Tahadhari mbili zinahusu kazi yote. Usiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa: hewa ya kaboni monoksidi haina harufu na inaua. Na usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

Hatua ya 1: Pima kabla hujagusa chochote

Jaza tanki mpaka bomba la pampu likate lenyewe mara ya kwanza, kisha acha. Andika kilometa za dashibodi. Endesha kama kawaida mpaka tanki lishuke chini ya nusu, rudi kwenye pampu ileile, simamisha gari upande uleule, jaza tena mpaka ikate mara ya kwanza. Andika lita zilizoingia.

Gawanya kilometa kwa lita. Ukienda kilometa 312 na zikaingia lita 48, gari linakwenda kilometa 6.5 kwa lita, ambayo ni kama lita 15.4 kwa kilometa 100.

Rudia mara tatu, chukua wastani. Tanki moja halitoshi, kwani hewa hunaswa ndani ya tanki na pampu hukata mapema au kuchelewa. Wanaotegemea mshale wa mafuta wa dashibodi wanajidanganya. Kwenye magari ya umri huu mshale ni wa kukisia tu.

Sasa kagua kama kilometa zenyewe ni za kweli. Hapa ndipo fowili hutofautiana na magari mengine, kwa sababu wengi huyavalisha matairi makubwa kuliko ya kiwandani. Tairi la 235/75R15 lina kipenyo cha milimita kama 733. Ukiweka la inchi 31, kipenyo kinafika karibu 787. Kila mzunguko gari linasogea mbele asilimia 7 zaidi, lakini dashibodi haijui. Zile kilometa 312 ni kama 334 barabarani, na matumizi yako si 6.5 bali karibu 7 kwa lita. Nimeona watu wakihangaika miezi kutafuta ugonjwa ambao nusu yake ulikuwa hesabu.

Linganisha dashibodi na GPS ya simu kwa safari isiyopungua kilometa 20, pata uwiano wako, uandike kwenye jalada la daftari.

Umefaulu: una namba moja ya wastani ambayo ukiulizwa unaweza kuitetea. Kama matanki matatu yanatofautiana zaidi ya asilimia 10 kwa njia zilezile, endelea kupima mpaka yatulie.

Hatua ya 2: Punguza mzigo na ukinzani wa upepo

Hii ni fupi. Vua keria ya juu kama huitumii. Ondoa minyororo, winchi isiyofanya kazi, jeki ya pili, madumu ya maji yaliyosahaulika. Kwa makisio ya kawaida, kila kilo 45 za ziada hula kama asilimia 1 ya mafuta, na hula zaidi kwenye safari za kusimama na kuondoka. Keria yenye mizigo ni mbaya zaidi ya uzito wake, maana inaongeza ukuta wa kupigana na upepo kwenye gari ambalo tayari ni ukuta.

Tairi la akiba, jeki moja na spana zibaki. Kubana mafuta kusikuache njiani.

Hatua ya 3: Matairi

Pima upepo asubuhi, gari likiwa halijatembea. Tairi likishapata moto presha hupanda na kipimo kinakudanganya. Namba sahihi iko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva au kwenye kitabu. Ile iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kiwango cha juu kabisa ambacho tairi linastahimili, siyo ya kujaza kila siku.

Tairi lenye upepo mdogo hujikunja zaidi kila linapogusa ardhi, na kujikunja huko ni joto, na joto hilo limetoka kwenye tanki lako. Wanaoshusha upepo kwa ajili ya mchanga wakasahau kuurudisha wapo wengi kuliko wanavyokiri.

Kisha pitisha kiganja juu ya meno ya matairi ya mbele, kutoka nje kwenda ndani, halafu kinyume chake. Kama upande mmoja ni laini na kurudi unakwaruza kama msumeno, magurudumu hayaangalii mbele sawasawa. Yanaburutwa. Peleka gari kwenye alaimenti, lakini kwanza hakikisha mikono ya usukani na beringi hazina uchezaji; kupanga magurudumu yaliyolegea ni kazi bure.

Matairi ya matope yenye meno makubwa yana gharama yake barabarani. Kama matope unayaona mara mbili kwa mwaka, seti inayofuata inunue ya mchanganyiko.

Umefaulu: upepo ni sawa kwenye ekseli moja, usukani uko katikati ukienda moja kwa moja, na ukipitisha kiganja juu ya meno huhisi tofauti.

Hatua ya 4: Breki zinazoshika kimyakimya

Hapa ningetaka utulie. Katika fowili kuukuu breki inayoburuta ni mwizi mkubwa, na haitoi moshi wala mlio wa kukushtua. Mimi mwenyewe niliwahi kubadilisha plagi, waya na filta zote kabla sijagundua kwamba gurudumu la mbele kulia lilikuwa halizunguki huru.

Jaribio la joto. Endesha kilometa 10 kwenye barabara tulivu ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, kisha acha gari lijisimamishe lenyewe, ikiwezekana kwenye mwinuko mdogo. Sogeza mgongo wa mkono karibu na katikati ya kila rimu. Usiguse diski, itakuunguza. Linganisha kushoto na kulia kwenye ekseli ileile. Mbele huwa na joto zaidi ya nyuma na hilo ni kawaida. Gurudumu moja likiwa na joto kuliko mwenzake, umepata wa kumhoji.

Jaribio la kuzungusha. Zuia magurudumu mengine, inua gari, weka stendi, gia ikiwa huru na habu (viungio vinavyoshikanisha magurudumu ya mbele na shafti zake) zimefunguliwa. Zungusha kwa mkono. Mkwaruzo mwepesi wa pedi ni wa kawaida. Ukilazimika kutumia nguvu, si kawaida.

Kutafuta chanzo kwenye breki za diski: mwambie mtu akanyage breki mara moja na aachie. Kama gurudumu linabaki limeshikwa, legeza kidogo niplo ya kutolea hewa kwenye kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski.

- Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, presha ilikuwa imenaswa. Mara nyingi ni mpira wa breki uliovimba ndani: unapitisha mafuta kwenda, unayazuia kurudi. Badilisha. Kama ekseli nzima inashika, kagua pia silinda kuu.
- Gurudumu lisipoachia, tatizo liko kwenye kalipa: pistoni yenye kutu au pini za kuteleza zilizokauka. Safisha pini na upake grisi ya breki, siyo grisi yoyote iliyo karibu. Pistoni iliyoliwa na kutu isipigwe msasa na kurudishwa.

Nyuma, kwenye dramu, angalia kebo ya hendibreki iliyogandishwa na tope na kutu, na viatu vilivyokazwa kupita kiasi na mtu aliyetaka pedeli iwe juu.

Ukishafungua niplo lazima hewa itolewe na kiwango cha mafuta ya breki kirudishwe. Ukiona huna uhakika na kazi hii, mpe fundi, lakini mpe majibu ya majaribio yako ili asianze kubahatisha.

Umefaulu: magurudumu yote manne yanazunguka huru, na kwenye barabara tambarare isiyo na magari, ukitoa gia kwa kilometa 60 kwa saa, gari linateleza mbali kuliko mwanzo kabla ya kushuka hadi 30. Fanya kwenda na kurudi ili mteremko usikudanganye, na kamwe usizime injini wakati gari linatembea, kwa sababu nguvu ya breki na usukani vitaondoka nayo.

Hatua ya 5: Habu, transfa na gia

Kama gari lako lina habu za kufungua kwa mkono, barabarani ziwe zimefunguliwa na wenzo wa transfa (gia zinazogawa nguvu kati ya mbele na nyuma) uwe kwenye magurudumu mawili. Usiamini alama peke yake. Inua gurudumu la mbele, lizungushe, tazama shafti nyuma yake: ikizunguka pamoja na gurudumu, habu haijaachia ndani. Ifungue, isafishe, ipake grisi nyepesi.

Mara moja kwa mwezi zifunge habu kwa kilometa chache, ili mafuta ya difu ya mbele, gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, yasambae. Difu isiyozunguka kabisa huzeeka vibaya.

Gari ambalo magurudumu yote manne husukuma muda wote halina cha kufungua. Hakikisha tu difu ya katikati haijafungwa ukiwa kwenye lami, na usimsikilize anayekushauri utoe shafti ya mbele ili kubana mafuta. Mzigo wote utahamia ekseli moja.

Mafuta ya difu na gia yawe ya unene ulioandikwa kwenye kitabu. Mazito zaidi huwekwa kunyamazisha makelele, nayo hunyamazisha kweli, huku yakiburuta kila mhimili.

Gari la otomatiki: angalia dashibodi kama taa ya O/D OFF inawaka. Ikiwaka, gia ya juu imezimwa na injini inazunguka kwa kasi bila sababu. Wapo walioendesha hivyo tangu siku waliyonunua gari. La gia za mkono: panda mlima kwa gia ya juu na ukanyage. Mzunguko wa injini ukipanda na mwendo usipande, klachi inateleza.

Hatua ya 6: Joto la injini

Wengi huogopa injini kuchemka. Wachache huogopa injini baridi, na hiyo ndiyo inayokula mafuta.

Petroli haichomeki ikiwa matone. Lazima igeuke mvuke. Injini isipofika joto lake, mafuta huganda kwenye kuta za njia ya kuingilia, kwa hiyo kabureta yenye choki ya kujiendesha hubaki imefunga nusu, na gari la injekta huambiwa na sensa kwamba bado ni asubuhi. Vyote viwili vinamwaga mafuta zaidi. Mwenye gari haoni kitu, maana gari linawaka na kutembea vizuri.

Chanzo cha kawaida ni themostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, iliyokwama wazi, au iliyotolewa kabisa na fundi aliyesema nchi yenye joto haiihitaji. Dai hilo ni potofu mara mbili. Kwenye injini nyingi themostati hufunga pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linaweza kuchemka kwenye mlima uleule uliotaka kuukwepa.

Jinsi ya kugundua: washa injini ikiwa baridi, shika mpira wa juu wa rejeta. Unatakiwa kubaki baridi dakika kadhaa, kisha upate moto kwa ghafla. Ukianza kupata uvuguvugu polepole tangu mwanzo, themostati iko wazi. Dalili nyingine ni mshale wa joto unaoshuka kila unapoteremka mlima.

Jinsi ya kuijaribu: itumbukize kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto, pasha moto taratibu. Inapaswa kuanza kufunguka karibu na nyuzi zilizochongwa juu yake, mara nyingi 82 au 88, na kufunguka kabisa kama nyuzi 10 hadi 15 baadaye. Ikitolewa kwenye maji ifunge.

Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa na moto. Hili linarudiwa kila mahali na bado watu wanaungua.

Ukiwa hapo, sikiliza feni. Zile zenye klachi ya mafuta mazito zinapaswa kunguruma kidogo baada ya kuwasha na kutulia. Feni inayonguruma kama ndege wakati wote barabarani imekwama, na inakunyang'anya nguvu kila kilometa.

Umefaulu: mshale unafika mahali pake ndani ya safari fupi na unabaki hapo, mlimani na kwenye mteremko.

Hatua ya 7: Njia ya hewa na vakyumu

Toa chujio la hewa, lishike mbele ya jua au taa. Lisipopitisha mwanga, badilisha. Kwenye gari la kabureta chujio lililoziba huongeza mafuta kwenye mchanganyiko, na kulibadilisha kunaweza kurudisha asilimia chache. Kwenye gari la injekta lenye kompyuta inayofuatilia hewa, chujio chafu hupunguza nguvu zaidi kuliko linavyoongeza mafuta. Majaribio ya maabara ya Oak Ridge ya Marekani mwaka 2009 yalionyesha hivyo. Kwa hiyo usitarajie miujiza.

Vakyumu ni hadithi nyingine. Mipira midogo ya umri huu imekauka na kupasuka. Hewa inapoingia pasipotakiwa injini hutikisika, na fundi, badala ya kutafuta mpasuko, huongeza mafuta kwenye skrubu mpaka mtikisiko uishe. Mtikisiko umekwisha, ulaji umeanza.

Unganisha geji ya vakyumu kwenye njia ya kuingilia. Injini yenye moto, isiyokanyagwa, inapaswa kuonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki na mshale utulie, kama uko usawa wa bahari. Toa takriban inchi 1 kwa kila mita 300 za mwinuko.

Mshale ukiwa chini, tafuta uvujaji kwa chupa ya kunyunyizia maji. Nyunyiza kidogokidogo kwenye maungio na mipira, mbali na distribyuta, kifaa kinachogawa moto kwa kila plagi. Mlio ukibadilika, umepafikia. Watu hutumia petroli au dawa ya kusafishia kabureta kwa kazi hii, na eksozi iko pale pale ikisubiri. Tumia maji.

Usisahau mpira mkubwa wa buster ya breki (kifaa kinachosaidia mguu kukanyaga breki), na vali ya kupitisha mvuke wa injini: itikise, inatakiwa ilie kachakacha.

Hatua ya 8: Moto wa plagi na taimingi

Injini iwe baridi. Pulizia vumbi kuzunguka plagi kwanza lisidondoke ndani. Toa waya mmoja kwa wakati, ukishika kwenye mpira wake na si kwenye waya, usije ukachanganya mpangilio. Panga plagi kwa mfuatano wa silinda zake na uzisome:

- Kahawia hafifu au kijivu: silinda hiyo iko sawa.
- Nyeusi, kavu, yenye masizi: mafuta mengi au moto dhaifu.
- Nyeusi na yenye unyevu wa oili: oili inapanda. Plagi mpya haitatibu.
- Nyeupe yenye malengelenge: moto mkali kupita kiasi, mafuta haba au plagi si ya namba yake.

Zote nne au sita zikiwa nyeusi, tatizo ni la wote: choki, joto, kabureta, sensa. Moja tu ikiwa nyeusi, tatizo ni la nyumba hiyo: waya, plagi, injekta, vali. Tofauti hii peke yake itakuokolea wiki nzima.

Pima mwanya kwa fila geji, ufuate namba ya kitabu. Zirudishe kwa vidole mpaka zikae, ndipo utumie spana.

Pima waya kwa maltimita. Usijali sana namba yenyewe; waya mmoja ukiwa mbali na wenzake wa urefu unaokaribiana, badilisha seti. Usiku, injini ikiwaka kwenye giza, utaona cheche za buluu zikiruka kutoka kwenye waya mbovu. Angalia kwa macho, usiguse. Fungua kifuniko cha distribyuta, tafuta mstari mwembamba wa masizi au ufa, na ncha zilizoliwa za rota.

Magari yenye pointi (swichi ndogo ndani ya distribyuta): kisigino cha pointi kinavyolika, mwanya unapungua na taimingi inachelewa polepole bila wewe kujua. Panga mwanya kwanza, taimingi baadaye. Ukigeuza mfuatano huu utarudia kazi.

Taimingi yenyewe: injini iwe na moto, isikanyagwe, chomoa na uzibe mpira wa vakyumu wa distribyuta kama kitabu kinavyosema, elekeza taa kwenye alama za puli. Magari ya injekta mengi yanahitaji waya mfupi kwenye plagi ya uchunguzi (soketi ya kompyuta, si plagi ya moto) kabla ya kupima. Bila hivyo kompyuta itakuwa inasogeza alama. Fungua boliti ya distribyuta kidogo, zungusha mpaka alama ikae kwenye digrii zake, kaza, pima tena. Mikono mirefu ya shati na kamba za shingoni zikae mbali na feni.

Moto ukichelewa, petroli inamalizikia kuungua kuelekea eksozi badala ya kusukuma pistoni. Unalipia kupasha bomba moto. Moto ukiwahi mno, utasikia injini ikigongagonga ukikanyaga mlimani, na hapo unavunja pistoni ili kubana mafuta.

Mwisho, jaribu kifaa cha vakyumu cha distribyuta. Vuta hewa kwa mdomo kupitia mpira wake: bati la ndani lisogee na likae ulivyolishika. Likirudi lenyewe, ngozi ya ndani imetoboka. Safari za mwendo wa kawaida ndizo zinazoumia zaidi, na huwezi kuliona kwa kutazama.

Umefaulu: injini inawaka kwa mguso mfupi, haitikisiki, haigongi mlimani, na plagi baada ya kilometa mia kadhaa zina rangi moja.

Hatua ya 9: Sasa, mafuta

Umefika mahali ambapo wengi huanzia. Chomoa kwanza waya wa hasi wa betri kabla ya kufungua njia yoyote ya mafuta, na injini iwe imepoa.

Gari la kabureta

Injini ikiwa na moto, toa kifuniko cha chujio: bati la choki liwe limesimama wima kabisa. Likiwa limelala hata kidogo, rekebisha kebo au choki ya kujiendesha, kisha rudi kupima matumizi.

Zima injini, chungulia kooni kwa tochi. Petroli ikidondoka wakati injini imezima, sindano ya boya haifungi au boya limejaa mafuta. Boya likitikiswa karibu na sikio lisilie mafuta ndani.

Skrubu ya mchanganyiko ina imani kubwa kuliko uwezo wake. Inahusu injini ikiwa haijakanyagwa tu. Barabarani kazi ni ya jeti, vile vitundu vilivyopimwa vya kupitishia petroli. Ipange kwa geji ya vakyumu: funga polepole mpaka mshale uanze kushuka, fungua mpaka ufike juu kabisa, kisha funga kidogo sana. Basi. Usitegemee kuokoa tanki hapo.

Jeti zikaguliwe namba zake. Kuna mafundi wanaozitoboa kwa waya "ili gari liwe na nguvu". Jeti iliyotobolewa haizibiki, inabadilishwa.

Gari la injekta

Soma kwanza misimbo ya hitilafu. Magari mengi ya kabla ya 1996 huisema kwa kuwakawaka kwa taa ya injini ukiunganisha pini mbili za plagi ya uchunguzi. Kitabu kitakuambia zipi.

Pima sensa ya joto la maji, ile ya kompyuta na si ya mshale wa dashibodi. Kwa aina nyingi, ukinzani ni kama kilo-omu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na hushuka hadi omu mia chache kwenye nyuzi 80. Isiposhuka, kompyuta inaamini injini ni baridi milele. Ni kifaa kidogo kinachobadilishwa kwa dakika chache, na ningekikagua kabla ya injekta zote.

Chomoa mpira wa vakyumu wa kidhibiti cha presha ya mafuta. Ukiwa na unyevu wa petroli, ngozi imetoboka na injini inanyonya mafuta moja kwa moja.

Sensa ya oksijeni, injini ikiwa na moto, inapaswa kuyumba upesi kati ya volti 0.1 na 0.9. Ikilala mahali pamoja, imechoka, au mchanganyiko una tatizo lingine ambalo sensa inalisema kwa ukweli. Ndiyo maana haibadilishwi kwanza.

Kipimo cha hewa chenye kifuniko cheusi kilichowahi kufunguliwa na mtu kukaza springi yake: tafuta kingine. Kurudisha springi hiyo kwa kubahatisha hakuwezekani.

Hatua ya 10: Mguu wa kulia

Ukinzani wa upepo hukua kwa mraba wa mwendo. Kutoka kilometa 80 kwenda 110 kwa saa unakaribia kuuongeza mara mbili, na gari lako si mshale. Kwa fowili nyingi, 80 hadi 90 ndipo mahali pa amani.

Ingia gia ya juu mapema bila kuikaba injini. Ukiona taa nyekundu mbali, toa mguu ukiwa bado kwenye gia. Gari la injekta hukata mafuta kabisa hapo mpaka injini ikaribie mzunguko wa kusimama, wakati gari lililo huru linaendelea kunywa. Kutoa gia kwenye mteremko hakubani chochote cha maana na kunaziacha breki peke yake na tani mbili.

Asubuhi, usiache injini ingurume dakika kumi. Washa, subiri kama nusu dakika, ondoka taratibu.

Vya kuachana navyo

Sumaku za mpira wa mafuta, feni ndogo za kuzungusha hewa, vidonge vya tanki. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limejaribu zaidi ya vifaa 100 vinavyodaiwa kubana mafuta na halijapata cha kuleta tofauti kubwa. Petroli ya okteni ya juu nayo haina faida kama injini haigongi na kitabu hakiitaki.

Umemaliza yote na namba haijasogea?

Pima mgandamizo wa silinda. Injini iwe na moto, plagi zote zitolewe, moto wa plagi na mafuta vikatwe, pedeli ya mafuta ikanyagwe mpaka mwisho, zungusha kwa stata mara tano au sita kila silinda. Linganisha. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15, tia kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi na upime tena.

Ikipanda sana, ringi zimelika. Isipopanda, kagua kwanza mwanya wa vali, kwa sababu vali iliyokazwa mno haifungi vizuri, na hiyo ni kazi ya fila geji na alasiri moja. Mwanya ukiwa sawa na namba bado iko chini, ni vali zenyewe au gasketi ya hedi, na hapo hedi inashuka.